Chumba kimoja Tandika, watu wanne na mifuko sita ya mtumba

Mwezi wa pili mwishoni mdogo wangu alinipigia simu usiku, sauti imechoka kabisa, akasema dada sisi tumeamua, tunachukua chumba cha pili humu humu ndani, kile cha karibu na choo kimebaki wazi, mwenye nyumba anataka elfu sitini kwa mwezi na analipwa miezi sita mbele. Laki tatu na sitini hiyo. Nikamuuliza ipo? Akasema haipo ila watakopa kikoba. Nikamwambia nipe Jumamosi moja tu kabla hujakopa, nakuja na futi kamba.

Naandika kirefu kwa sababu najua kisa hiki kipo kwenye nyumba nyingi sana za Dar, Temeke yote, Manzese, Tandale, Buguruni, na ushauri mwingi unaotolewa ni wa mtu mwenye vyumba vitatu na stoo, nunua boksi hili, nunua kabati lile. Mi nasema anza na mkono wako. Unagusa kitu gani mara ngapi kwa wiki, hilo ndo swali la kwanza, kabati na shelfu na boksi vyote vinakuja baadae, na ukivitanguliza unaishia kununua vitu vya kuwekea vitu mpaka na vyenyewe vinakosa pa kukaa. Mdogo wangu ilishamtokea, ntaeleza.

Nyumba yenyewe ni ile nyumba ya Kiswahili mnaijua, vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, korido katikati, choo bafu na pa kufulia uani. Haina dari, juu mabati na kenchi, kwahiyo jirani akikohoa unasikia. Wao wana chumba kimoja. Mdogo wangu, mume wake ambaye ni fundi umeme, mtoto wa kike wa miaka mitano na mchanga wa miezi saba. Mdogo wangu anauza mtumba wa nguo za watoto, anaamka usiku wa manane anaenda Karume pale Ilala anachagua, anarudi kuuza Tandika. Na mzigo unalala ndani, hauna pengine pa kulala.

Nilipofika kitu cha kwanza nilipima. Chumba ni futi 10 kwa 12, ukuta unakwenda juu futi 9 kabla ya kenchi. Futi za mraba 120. Kitanda cha tano kwa sita peke yake kinakula 30, robo ya chumba chote. Kabati la milango mitatu futi 10, kochi la watu wawili kama 12 na nusu, meza ya tivii 6, friji 4. Mlango wa kuingilia nao unahitaji futi 9 za kufungukia ambazo huwezi kuweka kitu. Ukijumlisha na kutoa unabaki na futi 48 hivi za sakafu. Sasa sakafu tupu niliyoiona kwa macho, ile ya kukanyaga, ilikuwa futi 2 kwa 5. Kumi tu. Kwahiyo futi 38 zilikuwa zimeliwa na vitu ambavyo sio fanicha kabisa: mifuko sita ya shangazi kaja imejaa nguo, ndoo tano za maji, jiko na mtungi wa gesi, mfuko wa salfeti wa waya wa shemeji, viatu, beseni, diaba, ndoo ya nguo chafu, na boksi za plastiki mbili kubwa ambazo zilinunuliwa ili kupanga chumba.

Hiyo hesabu ndo ilimbadilisha mdogo wangu, sio maneno yangu. Alikaa kitandani akaitazama karatasi akasema yaani kitanda na kabati na kochi siyo tatizo? Siyo tatizo. Kila siku alikuwa anapiga hesabu ya kuuza kochi na kochi lilikuwa linasingiziwa.

Tukatoa kila kitu nje. Kila kitu, hilo halina njia ya mkato, ukipanga vitu vikiwa ndani unahamisha tu rundo kutoka kona hii kwenda ile. Tulianza saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, tukatandika mikeka miwili na turubai uani, na jirani zake wema walituachia uwanja siku nzima bila kunung'unika, Mungu awabariki. Mafungu yalikuwa matatu. La kwanza vitu vinavyoguswa kila siku, la pili vya kila wiki au mara mbili kwa mwezi, la tatu vya msimu, yani mara moja mbili kwa mwaka. Nilikataa kabisa fungu la "vya kutupa" kwa sababu ukimwambia mtu tupa anaanza kutetea, anaficha, na mwenye hali ya chini ana haki ya kutunza kitu maana akikitupa hana hakika ya kukipata tena. Nilimuuliza tu, mara ya mwisho umekigusa lini, na yeye mwenyewe ndo anakitaja kiende wapi.

Fungu la kila siku lilikuwa dogo ajabu. Sufuria tatu, mwiko, sahani sita, vikombe, chupa ya chai, ndoo ya unga, nguo za wiki, nepi, dawa, mafuta, chaja, brashi. Ukiviweka pamoja vinajaa mkeka mmoja na nafasi inabaki. Maisha yao yote ya kila siku yalikaa kwenye mkeka mmoja, na chumbani walikuwa wanaruka vitu kama watu wanaovuka mto kwa mawe.

Sasa mvungu. Mvungu wa kitanda ulikuwa inchi 8 tu na ulijaa mpaka vitu vinasugua chaga. Nilipiga magoti nikaanza kuvuta, na vilivyotoka vingi vilikuwa vya kitchen party. Ndoa yao ina miaka sita. Hotpot saba, nne bado kwenye boksi lake na mkanda wa zawadi umeganda juu, seti mbili za glasi, thermos, trei za kubebea chai, sufuria seti nzima. Mdogo wangu alichukua hotpot moja ya maua mekundu akaifuta vumbi kwa khanga yake akasema hii alinipa shangazi, na shangazi yetu tumemzika mwaka juzi. Hapo nilinyamaza. Vitu vya kitchen party sio vyombo tu, ndo heshima yako kama mwanamke uliyetolewa kwenu na watu, na anayekwambia gawa vyote anaongea asilolijua. Ila nilimwambia shangazi hakununua hotpot ikae gizani mvunguni inasikiliza panya. Tukazifungua. Moja sasa ina sukari, moja maharage, moja mchele wa wiki, moja ina karanga na dagaa kavu, zina mfuniko unabana, mende hapiti, panya hapiti, na zimekaa shelfu la mbele zinaonekana, anazigusa kila siku. Tatu zimebaki za wageni na zinaingiliana na trei. Zile ndoo nne za plastiki zisizo na mifuniko ambazo zilikuwa zinahifadhi hivyo vyakula zikatoka. Sufuria nazo, uzuri wa sufuria zetu hazina mikono, zinameza moja ndani ya nyingine, seti nzima inakaa kwenye nafasi ya ile kubwa. Zilikuwa zimetawanyika sehemu tatu.

Halafu mtumba, na hapa ndo kiini cha kisa chote. Mifuko sita. Nikamwambia unaenda na mingapi sokoni? Miwili. Kila siku? Kila siku hii miwili, hii mingine ni mabaki. Tukafungua mabaki, mfuko mmoja mmoja. Kulikuwa na masweta ya watoto aliyonunua mwezi wa saba wakati wa baridi mwaka uliopita, magauni yenye zipu mbovu, suruali za jinsi zisizo na jozi ya saizi, nguo ambazo mteja akishika anarudisha. Tulihesabu nguo 214 ambazo hazijatoka kwa zaidi ya miezi mitatu. Mdogo wangu anaziita mtaji. Nikamuuliza ulizinunua shilingi ngapi moja, akasema mia saba mia nane. Nikamwambia sasa hebu tazama, hii mifuko minne inakaa futi kumi na mbili za sakafu, na wewe unataka kulipa elfu sitini kwa mwezi kwa sababu chumba hakitoshi, kwahiyo hizi nguo zinapanga chumba, na kodi unalipa wewe. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni akacheka akasema shemeji hapo umemaliza.

Jumamosi mbili alizipiga mnada barabarani, jero jero, zile za zipu mbovu mia mbili mia mbili kwa mafundi wanaochukua vitambaa. Zilitoka nyingi, kama thelathini zikabaki akawagawia wa uani waliotuvumilia. Hela ile ndo ilinunua mbao na kumlipa fundi, hatukukopa hata mia. Na tukaweka sheria moja ambayo mpaka leo inasimama, mifuko ya biashara ndani ni miwili tu, ukija mzigo mpya na haiingii miwili basi kuna kitu kinapigwa jero siku hiyo hiyo. Mtu anayefanya biashara ndani ya chumba anacholala lazima awe na namba kama hiyo, vinginevyo biashara inakua na familia inasogea.

Kabla sijaendelea niseme kuhusu zile boksi mbili za plastiki na kabati la zipu ambalo nalo alishawahi kununua, lile la kitambaa na vyuma vyembamba, lilikufa baada ya miezi mitano vyuma vikapinda. Boksi alizinunua akaweka vitenge vyake na nguo za mtoto akafunga vizuri akaziegemeza ukutani. Masika ikapita. Alipofungua, vitenge viwili vilikuwa na madoa meusi ya ukungu na harufu ile ya chumba kilichofungwa, na akalaumu boksi. Boksi halikuwa na kosa. Dar hewa yenyewe imebeba maji, hasa mwezi wa tatu mpaka wa tano, nguo unaiona imekauka lakini pindo na mshono bado una unyevu, ukiifungia kwenye plastiki ule unyevu hauna pa kwenda na ukungu unaota humo humo. Tena nyumba hizi za zamani nyingi sakafu yake haina nailoni chini, unyevu wa ardhi unapanda kupitia saruji, ndo maana ukiinua mkeka asubuhi chini unakuta pamelowa. Kwahiyo tulifanya hivi: hakuna kitu cha nguo kinachokaa sakafuni moja kwa moja, kinapanda juu ya ubao, hakuna kinachogusa ukuta wa nje, kinaachwa vidole vinne hewa ipite, na kinachoenda kufungiwa kwa msimu kinaanikwa jua kali siku nzima, kinaachwa kipoe ndo kikunjwe. Ukikikunja kikiwa na joto nalo ni tatizo.

Kitanda. Hapa ndo tulipata nafasi kubwa kuliko pote. Wengi wanainua kwa matofali na nimeona kitanda kimeteleza kwenye tofali na mtoto amelala juu, sitaki kukumbuka. Fundi seremala wa mtaani kwao alitutengenezea viatu vinne vya mti, kila kimoja ni kama kikasha kizito chenye shimo, mguu wa kitanda unazama ndani inchi mbili na hauwezi kuchomoka ukisukumwa. Kitanda kikapanda inchi 7, mvungu ukatoka inchi 8 ukawa 15. Ukipima kwa maji, mvungu wa kwanza ungeingia madumu 28 ya lita ishirini, huu wa sasa madumu 53. Karibu mara mbili na hukuongeza hata inchi moja ya sakafu.

Ila mvungu mkubwa ukiuachia tu unakuwa pango. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mi nauchukua huo msemo kama kipimo kabisa cha kupanga: kama kitu kinakutaka uiname basi kiwe kitu ambacho hukihitaji mara kwa mara, na mwanamke mwenye mtoto wa miezi saba mgongoni usimpangie kuinama mara kumi kwa siku. Tukaugawa mvungu mara mbili kwa urefu. Nusu ya mbele ni ya godoro la binti, inchi 4, futi mbili na nusu kwa sita, mchana linasukumwa chini na usiku linavutwa. Zamani godoro hilo lilikuwa linasimamishwa nyuma ya mlango na kila mtu anayeingia linamwangukia. Nusu ya nyuma, ya ukutani, kuna trei tatu za plaiwudi zenye matairi madogo yale ya kochi, na zinavutwa kwa kamba kutokea miguuni mwa kitanda. Humo ndo vya msimu, blanketi, nguo za mchanga zilizomkataa, glasi za kitchen party zimefungwa gazeti. Kila Jumamosi godoro linatoka kwenye jua, hilo msiliruke, godoro linalolala gizani wiki nzima linashika unyevu.

Hili la mvungu lilinikumbusha bibi yetu Pangani. Kitanda chake cha kamba kilikuwa kirefu juu sisi watoto tulikuwa tunaingia chini tumekaa wima, na chini kulikuwa na nazi, vyungu na kasha lake lenye kufuli. Na juu ya jiko alikuwa na susu, ile ya kamba, inaning'inia kwenye boriti na bakuli la samaki ndani, paka anaitazama tu. Watu wa pwani walishajua siku nyingi kwamba chumba kina juu na kina chini. Lamu kwenye nyumba za mawe ukuta wenyewe una zidaka, mashubaka yamechongwa safu kwa safu vitu vinakaa ndani ya ukuta. Sisi tofali zetu za inchi 5 huwezi kuchimba shubaka, utatokea chumba cha jirani, lakini susu unaweza, na tulitundika mbili kwenye kenchi kwa kamba, moja ya vitunguu na viazi karibu na dirisha hewa inapita, nyingine ya midoli ya mtoto. Mdogo wangu alifurahi kuliko kitu chochote, akasema ya bibi.

Shelfu za ukutani zilitupa somo la hasara. Fundi wa kwanza, huyu alikuwa mwingine, alitugongea shelfu kwa misumari ya zege moja kwa moja ukutani, refu, zuri, tukapanga unga kilo 25, mafuta, zile hotpot. Usiku wa pili saa nane likaanguka lote. Plasta ya ukuta ule ina mchanga mwingi, ukigonga msumari unasikia unaingia laini kama kwenye mkate, na fundi alisikia na akaendelea. Bahati njema upande ule sio wa kitanda. Niliumia sana maana mimi ndo niliyesema tuanze na shelfu, na tangu siku ile nasema wazi, hakuna kitu kizito juu ya mahali mtu anapolala, hata kama fundi ameapa.

Tulichofanya badala yake ni fremu inayosimama yenyewe, nguzo za mbao mbili kwa mbili kutoka sakafuni, uzito wote unashuka chini kwenye sakafu na ukuta haubebi kitu, juu tu tumeifunga na kenchi kwa waya isije ikainama mbele mtoto akipanda. Kina chake futi moja, urefu futi sita, inakaa ukuta wa upande wa pili wa kitanda. Na mpangilio wake ni mkono: kati ya kiuno na macho ya mdogo wangu ni vya kila siku tu, chini ya magoti vizito kama unga na madumu ya mafuta ya kula, juu ya kichwa vyepesi vya mara mojamoja. Dawa zimekaa usawa wa macho yake kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na binti na mbali na juu kabisa. Juu kabisa chini ya bati mchana ni joto la kuchemsha, nilipanda kwenye stuli saa nane mchana nikashindwa kukaa dakika mbili, kwahiyo dawa, mafuta ya kupaka, chakula, chochote cha betri, hakiendi huko. Juu ya mlango, kati ya futi 7 na ile 9, tumepitisha ubao mmoja kwa ajili ya mabegi matupu na mikeka basi.

Kabati la milango mitatu tuliling'oa milango. Watu wanashangaa hili lakini fikiria, kabati lina kina cha futi 2, na kila mlango ukifunguka unataka karibu futi 2 nyingine mbele yake, kwahiyo kabati linamiliki sakafu mara mbili, nusu yake hewa. Milango imeondoka, pazia la khanga limeshuka, na kochi likasogea mbele ya kabati likabana kabisa likiacha tu pa kupitisha mguu. Hewa nayo inapita kwenye nguo. Ile mbao ya milango ndo ikawa trei za mvunguni, plaiwudi tuliyonunua ni kipande kimoja tu cha kumalizia.

Maji. Ndoo tano sakafuni zilikuwa zinakula futi tano. Mtaani kwao maji yanatoka kwa zamu, huwezi kumwambia mtu asihifadhi. Tukanunua jaba moja la lita 100, kipenyo futi moja na nusu, likakaa nyuma ya upande wa bawaba za mlango na halihamishwi maana likijaa ni kilo mia na ushee, ndoo moja ikabaki ya kubebea. Mfuniko wake tunausisitiza sana. Dar imepitia dengi 2014 na ikarudi 2019, na mbu wa dengi anapenda maji masafi yaliyotulia ndani ya nyumba, jaba wazi ndo kitalu chake.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 niliukuta umebanwa kati ya kochi na kitanda, na shemeji alishafikiria kuulaza mvunguni baada ya kitanda kupanda. Nilimkatalia kwa nguvu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inazama na kujikusanya chini, mvungu ndo mahali pa mwisho duniani pa kuweka mtungi, na mtungi siku zote unasimama wima. Sasa wanaupikia koridoni karibu na mlango wa uani na usiku unaingia ndani unasimama karibu na mlango, valvu imefungwa. Ningependa ulale nje lakini ungeibiwa, nalijua hilo.

Waya za shemeji nisizisahau. Mfuko mzima wa salfeti, vipande vya waya, soketi zilizotumika, makava ya swichi, taa zilizokufa. Alinifata pembeni akaniambia kwa upole shemeji hizo msiziguse, kuna siku mteja anataka kipande cha mita moja na mimi nakuwa nacho. Ana haki, ni kazi yake. Tukampa ndoo mbili za rangi zenye mfuniko, zikapangwa moja juu ya nyingine zinatosha hata kukaliwa, moja waya moja vifaa, alizipanga mwenyewe jioni nzima na shaba iliyobaki akauza kwa kilo.

Nilirudi mwezi wa saba. Sakafu tupu nilipima tena, 36. Walivuka masika bila ukungu isipokuwa begi moja la ngozi lililosahaulika nyuma ya kabati. Chumba cha pili hawakupanga, kimechukuliwa na mtu mwingine. Kuna vilivyorudi nyuma pia, juu ya friji pamekuwa mlima wa makaratasi na chaja na vipodozi, na shelfu la tatu la fremu limekuwa la kila kitu, nadhani kila nyumba inahitaji sehemu moja kama hiyo ila iwe moja. Susu ya midoli binti ameikataa kwa sababu haifikii, tukaishusha mpaka usawa wa kifua chake, na siku hiyo hiyo alianza kurudisha mwenyewe.

Kilichobaki ni yeye huyo huyo binti. Januari anaanza darasa la kwanza na hana pa kuandikia, kitandani anapinda mgongo na kochini anaandikia magoti. Tumekubaliana ubao wa inchi 18 kwa 24 ufungwe kwa bawaba mbili kwenye nguzo ya fremu, jioni unashuka, asubuhi unapanda na kufungwa kwa ndoano, na stuli yake iwe ndoo ya waya ya baba yake. Fundi wa vile viatu vya kitanda ameshakuja kupima, binti alisimama wima kabisa akinyoosha shingo ili apimwe mrefu, fundi akaandika namba kwa penseli pale pale kwenye nguzo, tunasubiri mbao ikauke.